Kesi Kumi za Mfaransa wa Zamani: Nani Abaki, Nani Aondoke Kwenye Baiskeli Yako

Mtajie mzee wa Nakuru au Morogoro jina la Peugeot, naye atakutajia gari: Pijo 404 iliyotwaa Safari Rally mwaka 1963, kisha 504 iliyokuja kutamba mwaka 1975 na 1978. Ni haki yake. Lakini Peugeot walipanda baiskeli kabla ya kupanda gari. Baiskeli yao ya kwanza ilitoka mwaka 1882, gari likafuata mwaka 1889.

Leo tuliyemfikisha mahakamani ni PX-10, baiskeli ya mbio ya Peugeot ya miaka ya 1960 na 1970, fremu ya mabomba ya Reynolds 531, rangi nyeupe mara nyingi, majivuno wakati wote. Pembeni yake kasimama mdogo wake wa bei nafuu, UO-8, aliyemiminwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambaye hadi leo anachimbuliwa kwenye mabanda huko akiwa na vumbi la nusu karne. Binamu zao Gitane, Mercier na Motobécane wanaugua maradhi yaleyale, kwa hiyo wasicheke.

Kabla ya kesi, tuelewane jambo moja. Mfaransa wa enzi hizo alipima baiskeli yake kwa milimita. Mwingereza akapima kwa inchi. Dunia ikafuata inchi. Hata Mjapani, ambaye nyumbani kwake mita ndiyo kipimo, akachonga thredi za baiskeli kwa inchi. Mfaransa hakukosea hesabu, alishindwa kura. Matokeo yake, vipuri vingi vya dukani leo vinakaribia kumwingia. Na hapo kwenye kukaribia ndipo fremu zinapoharibikia.

Washtakiwa ni kumi, kuanzia kero ndogo hadi kero kuu. Kila kesi ina hukumu yake. Rufaa hazisikilizwi.

10. Rangi na stika

Mtu ananunua baiskeli asubuhi, mchana keshashika msasa. Muulize kulikoni, atakwambia anataka ing'ae. Kipya kinyemi ingawa kidonda, ndivyo anavyojifariji. Ndugu yangu, weka chini huo msasa. Rangi ya kiwandani ikishatoka haina wa kuirudisha, na stika za zamani ni karatasi nyembamba tu: ukisugua kwa pupa, jina la Peugeot litabaki "ugeo" na majirani watadhani ni chapa mpya kutoka China.

Osha kwa maji vuguvugu na sabuni laini, kausha, kisha paka nta ya magari. Pale penye kromu iliyoota kutu, kunja karatasi ya aluminiamu ya jikoni, ichovye maji, sugua polepole. Aluminiamu ni laini kuliko kromu, hivyo inang'oa kutu bila kukwaruza. Kutu iliyojikita kwenye vipuri vidogo vya chuma inaondolewa kwa kuviloweka kwenye asidi ya oksaliki, ileile wanayoitumia maseremala kung'arishia mbao. Vaa glavu, na usifanyie kazi hiyo jikoni kwa watu.

*Hukumu:* ibaki. Ile mikwaruzo ndiyo wasifu wake wa kazi.

9. Tandiko

PX-10 nyingi zilikuja na tandiko la ngozi, la Brooks kutoka Uingereza au la Ideale kutoka Ufaransa kwenyewe. Ngozi imetandazwa kati ya ncha mbili za chuma, na mbele chini kuna bolti ya kuikaza. Wenye huruma ya kupita kiasi huilowesha mafuta mpaka inalainika na kubonyea katikati. Mafuta kidogo, upande wa chini, yanatosha.

Kabla ya kulipenda, likunje kidogo kwa kidole gumba pembeni. Likitoa mlio wa mkate mkavu, limekwisha. Siku utakayopita kwenye shimo litapasuka nawe ukiwa juu yake. Likiwa zima, jua tu kwamba ngozi iliyozoea makalio ya mtu mwingine kwa miaka hamsini haitabadili dini kwa ajili yako.

*Hukumu:* libaki kwa masharti. Likigoma, Brooks bado wanatengeneza jipya la mtindo uleule, na hakuna atakayekuita msaliti.

8. Breki za Mafac

Kiwanda cha Mafac kilikuwa Clermont-Ferrand, na breki yao ya Racer ilitoka mwaka 1952. Ukiitazama kwa karibu utashangaa: raba ya breki inaingia na kutoka, inapanda na kushuka, inazunguka na kuinama, yote kwa nati moja. Uhuru mkubwa kiasi hicho unahitaji mtu mwenye msimamo.

Sifa yake nyingine ni kelele. Mwenye Mafac hahitaji kengele. Akigusa breki mtaa mzima unajua kafika. Dawa yake ni ya bure: pindisha raba ili ncha yake ya mbele iguse rimu kabla ya ncha ya nyuma, kwa tofauti ndogo kama unene wa kadi. Kisha tupa raba za zamani, maana zimekuwa mawe. Kool-Stop wa Marekani wanatengeneza zinazoingia humo humo. Nyaya za breki nazo ubadilishe zote leo, hata ile inayoonekana nzima. Waya haukatiki kwenye mlima wa kupanda, unakatika kwenye wa kushuka.

*Hukumu:* zibaki, kwa heshima zote. Ukishazifunga vizuri, utajiuliza kwa nini watu walizitukana.

7. Magurudumu

Hapa ndugu wawili wanaachana. UO-8 alipewa rimu za chuma za inchi 27. PX-10 akapewa rimu za aluminiamu na tairi za kubandikwa kwa gundi. Rimu ya chuma ikilowa mvua, breki inageuka kuwa dua. Tairi ya gundi nayo ni nzuri mno mpaka siku gundi ilipopakwa vibaya: unaingia kwenye kona, tairi inabaki, wewe unaendelea na safari.

Suluhisho la wengi ni rimu za aluminiamu za 700C. Rimu ya inchi 27 ina kipenyo cha milimita 630 pale tairi inapokalia, 700C ina 622. Tofauti ni 8, ukigawa kwa mbili raba ya breki inashuka milimita 4 tu, na mikono ya Mafac inafika bila kulalamika. Anayetaka tairi nene za kumeza mashimo anashuka zaidi hadi 650B, yenye 584. Huyo apime kwanza kama breki inafika na kama fremu ina nafasi ya kutosha kwenye uma.

Nyuma, fremu ina upana wa milimita 120 kati ya midomo inayoshika ekseli, wa kutosha gia tano. Habu za baadaye za baiskeli za mbio zenye breki za rimu ni 130. Chuma kinaweza kupanuliwa na fundi anayejua kazi, kidogo kidogo huku akipima pande zote mbili. Lakini ukiwa na Vitus 979, ile ya aluminiamu iliyounganishwa kwa gundi, usithubutu hata kuiwazia. Na frii ya Kiingereza usiilazimishe kwenye habu yenye thredi ya Kifaransa. Thredi hazioani, nawe utapoteza vyote viwili.

*Hukumu:* rimu za chuma ziondoke leo. Habu za Normandy zibaki, zipewe gololi mpya na grisi mpya. Ile ya zamani imegeuka nta.

6. Pedeli

Pedeli ya Kifaransa ina thredi ya milimita 14. Ya dunia nzima ni sehemu tisa za kumi na sita za inchi, sawa na milimita 14.3 hivi. Kwa macho huoni tofauti. Kwa spana utaiona, tena kwa uchungu. Habari njema ni kwamba tundu la Mfaransa ndilo dogo, kwa hiyo fundi mwenye tepu anaweza kulikata thredi upya na pedeli yoyote ya leo ikaingia.

Angalia herufi kwenye ekseli: D ni ya kulia, G ni ya kushoto, maana zilichongwa na Wafaransa kwa ajili ya Wafaransa. Ukikaa kusubiri uone R na L, utakesha. Ya kushoto inafunguliwa kinyume, Ufaransa na kwingineko kote.

*Hukumu:* kama umebahatika kukuta Lyotard ya bapa inayoitwa Marcel Berthet, funga mdomo, zitie grisi na uziendeshe. Kama ni za kawaida zilizopinda, kata thredi na uendelee na maisha.

5. Simplex ya plastiki

Lucien Juy wa Dijon alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Kampuni yake ya Simplex ilihamisha minyororo ya mabingwa. Kisha mwaka 1962 wakaja na kihamisha-gia cha plastiki aina ya Delrin. Kilikuwa chepesi, kilikuwa cha kisasa, na kilipokuwa kipya kilifanya kazi. Tatizo ni kwamba leo si kipya. Plastiki ya nusu karne inapasuka bila taarifa, na kipande cha mbele kinachobana bomba kinapasuka hata kwa kukazwa na mtu mwenye furaha.

"Lakini ndicho alichotoka nacho kiwandani!" Najua. La kuvunda halina ubani. Kisafishe, kiweke kwenye kabati la vioo, waonyeshe wageni. Barabarani funga Suntour ya Kijapani ya enzi hizohizo. Inabadilisha gia vizuri zaidi na haikusumbui kwa bei. Uwe tayari, maana sikio la fremu ya Simplex mara nyingi halina thredi wala kituo cha kukizuia kihamisha-gia kisizunguke. Litahitaji kukatwa thredi ya milimita 10 na kunolewa kidogo.

Nyenzo za gia za Simplex zenye springi ndani, kwa upande mwingine, ni kati ya nyenzo bora kuwahi kufungwa kwenye bomba la baiskeli. Na usijaribu kufunga bendi ya Kiingereza mahali pake: bomba la Kifaransa lina milimita 28, la Kiingereza 28.6. Bendi itakazika mpaka mwisho na bado itateleza.

*Hukumu:* plastiki istaafu, nyenzo ziendelee na kazi.

4. Shingo ya usukani ya AVA

Kila ukoo una mjomba anayependeza kwenye picha na asiyepaswa kukabidhiwa watoto. Kwenye ukoo huu ni shingo ya AVA. Wenye mchezo wao wanaiita shingo ya kifo, na hawatanii: upande wa chini, pale ilipopasuliwa nafasi ili ipanuke ikikazwa, huanza nyufa zilizofichwa ndani ya uma. Huzioni mpaka usukani umekubakia mikononi bila baiskeli.

Shingo ya kawaida ya dukani ina unene wa milimita 22.2. Mfaransa anataka 22.0. Kuna watu huona sifuri nukta mbili si kitu, wakachukua nyundo. Nyundo itaishindilia, naam, na bomba la uma litavimba. Chukua msasa, zungushia shingo mpya, sugua sawasawa pande zote huku ukipima kwa vernia kila baada ya muda. Inapoteremka kwa uzito wake yenyewe, acha. Pima na mahali pa kushika usukani pia, kwani Mfaransa ana 25.0 na wengi wa wenzake 25.4.

*Hukumu:* AVA iondoke. Hata kabatini isikae, asije mwanao akaifunga.

3. Nguzo ya kiti iliyogoma

Aluminiamu ndani ya chuma, unyevu kati yao, na mwenye baiskeli aliyekufa bila kuigusa tangu miaka ya 1970. Aluminiamu inaota kutu yake nyeupe, inavimba, inajifunga. Sasa imekuwa mali ya fremu.

Kwanza, subira: geuza baiskeli miguu juu, dondoshea mafuta ya kulainisha kutu kupitia tundu la kranki, iache usiku, rudia. Pili, nguvu yenye akili: ng'oa tandiko, bana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa lililofungwa imara, kisha zungusha fremu nzima. Fremu ndiyo mpini mrefu kuliko spana yoyote uliyonayo. Tatu, ukishakata tamaa, kostiki soda: inakula aluminiamu na kukiacha chuma. Inakula rangi na ngozi yako pia, na inatoa gesi inayoshika moto. Fanyia nje, na miwani, na glavu, mbali na sigara ya shemeji yako.

Ikishatoka, usinunue mpya kwa kukisia. PX-10 ya Reynolds 531 kwa kawaida inataka 26.4, wakati Mwingereza wa bomba hilohilo anachukua 27.2. Fremu za bei nafuu zinataka nyembamba zaidi. Pima tundu lako.

*Hukumu:* kifungo cha nje, na grisi tele kabla ya kurudishwa ndani.

2. Kranki

UO-8 ina kranki za chuma zinazoshikiliwa na kota pini. Mafundi wetu wanazijua vizuri kutoka kwenye baiskeli nyeusi za mizigo, na wanajua siri: usipige nyundo hewani. Simamisha kipande cha bomba la chuma kutoka sakafuni mpaka chini ya kranki, pini iangukie ndani ya bomba, ndipo upige pigo moja la uhakika. Ukipiga hewani unazipiga gololi. Pini mpya nayo uichague kwa kipimo: ya Kifaransa ni milimita 9, ya Kiingereza 9.5.

PX-10 ana Stronglight 93, kranki nzuri ya aluminiamu kutoka Saint-Étienne, isiyo na pini. Inatolewa kwa kifaa maalumu cha milimita 23.35. Cha TA, Wafaransa wenzao, ni 23. Cha dunia yote ni 22. Nchi moja, wafalme wawili, funguo mbili. Ukiingiza cha 22 kwenye Stronglight, hakitashika thredi, na kranki itabaki ilipo ikikutazama. Spana malaya, mkombozi wa gereji zetu zote, hapa haina kazi.

Kuhusu gia zenyewe: PX-10 ya mbio ilitoka kiwandani na meno 52 na 45 mbele. Hayo yalikuwa mapaja ya watu wa aina ya Bernard Thévenet, aliyeshinda Tour de France mwaka 1975 na 1977 akiwa na Peugeot. Wewe na mimi tuna kazi za mezani. Kranki ya TA Cyclotouriste inakubali gia ndogo hadi meno 26, nayo ni Mfaransa halisi, kwa hiyo hata wale wa asili-asili hawatakuwa na la kusema.

*Hukumu:* Stronglight ibaki, ila kifaa chake kinunuliwe kabla ya hamu ya kuitoa. Kota pini zipewe nafasi ya mwisho.

1. Vikombe vya kranki

Mfalme wa kero. Chini kabisa ya fremu, pale mabomba yanapokutana, kuna vikombe viwili vyenye gololi. Thredi ya Mfaransa ni milimita 35 kwa 1. Ya Mwingereza ni inchi 1.37, sawa na milimita 34.8. Hazioani kabisa.

Hilo ni dogo. Kikombe cha kulia cha Mwingereza kinafungwa kinyume ili kisijifungue chenyewe ukiendesha. Mfaransa akasema hana haja ya ujanja huo: vikombe vyote viwili vinafungwa kawaida. Ndiyo maana cha kulia kikilegea njiani hakikushangazi. Halafu kuna Motobécane wa miaka ya 1970, ambao wengi wao walitumia thredi ya Kiswisi: milimita 35 kwa 1 ileile, lakini kulia kinyume. Yaani una vikombe viwili vya saizi moja, sura moja, kutu moja, na kimoja kinafunguka kwa kukikaza. Ukisoma jina kwenye fremu unapata fununu tu. Utakuwa na hakika kitakapolegea.

Njia ya fundi asiye na mashine: chukua bolti nene, ipitishe kwenye tundu la kikombe, kichwa kikiwa ndani ya fremu na nati nje, na washa kila upande. Kaza mpaka kikombe kibanwe kama sandwichi. Sasa kwa Mfaransa, ingiza soketi ndefu kutoka upande wa kushoto na uzungushe kile kichwa cha bolti kuelekea kukaza. Bolti inazidi kubana, na kwa kuwa uko upande wa pili, kikombe kinageuka kuelekea kufunguka. Mtu wa kwanza kulifikiria hili alistahili nishani.

Vikombe vikiwa vizima, badilisha gololi na grisi, rudisha. Vikiwa vimeliwa, vipo vipya vya thredi ya Kifaransa, ila havipatikani kila duka. Usimruhusu yeyote akuchongee thredi ya Kiingereza juu ya ile ya zamani: tundu la 35 halipungui.

*Hukumu:* vibaki mpaka vitakapokataa vyenyewe.

Sasa neno la hakimu kabla ya kufunga kikao. Orodha hii umeisoma kutoka kumi kwenda moja. Kazi ifanye kutoka moja kwenda kumi. Wengi wanaanza na nta na stika, wanatumia mwezi mzima kung'arisha, ndipo wanagundua kikombe hakitoki, nguzo imeganda na shingo ina ufa. Siku ya kununua nenda na spana na vernia, si na kitambaa cha kung'arishia. Gusa nguzo ya kiti, gusa shingo, zungusha kranki. Vikigeuka vyote vitatu, lipa haraka kabla muuzaji hajashtuka. Visipogeuka, punguza bei. Akikataa kupunguza, mwambie amsalimie Mfaransa wake, kisha uende zako kwa miguu ukiwa na fedha zako mfukoni.